Tulipeni kwa silaha ambazo hamkuziunda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Berlin

Mheshimiwa,

Pokea salamu za wazee wa baraza la kahawa, wa Gitega, mahali wazee wenu walipojenga boma mwaka 1912, na wa Muyinga. Tumewaandikia kwa sababu ya deni.

Juni 1903, pale Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alitozwa na wazee wenu faini ya ng'ombe 424, kosa lake likiwa ni kukataa kutawaliwa nyumbani kwake. Mwaka 2020 Seneti yetu ya Burundi ikajumlisha ukoloni wote, wenu na wa Wabelgiji, ikafika dola bilioni 43 hivi. Tunaelewa fedha hizo haziko karibu kutoka. Basi tuna ushauri: deni lisilolipwa lilipeni kwa silaha zisizokuwepo. Wahasibu wenu hawatalalamika.

La kwanza tunaomba lile tanki la tani 1,000 lililochorwa mwaka 1942, likapewa jina la Panya. Hitler alilipenda, ila Speer, waziri wake wa silaha, akalifuta mwaka uliofuata. Lilikuwa liwe na urefu wa mita 35, upana wa mita 14, na mizinga ya manowari juu yake. Sisi tumeshalipitisha, kwa mawazo, kutoka Gitega hadi Muyinga kwa njia ya Karuzi. Lami ilikwisha mapema, na daraja la Ruvubu halikutaka hata mazungumzo. Hata hivyo tunalitaka. Vijana wetu wa baiskeli, wanaodandia malori milimani, wangepata mkia wa kuwatosha wote. Kwa mafuta lingepanga foleni kama sisi, likikosa lingenunua ya bidoni.

La pili ni kioo cha jua. Wataalamu wenu wa Hillersleben walikusudia kukiweka angani, kilomita 8,200 juu, kikiwa na ukubwa wa kilomita 9 za mraba, kiunguze miji na kuchemsha bahari. Mwaka 1945 waliwaambia waliowahoji kwamba kazi ingechukua miaka 50 hadi 100. Mheshimiwa, muda haujaisha! Kimalizieni, mkielekeze Muyinga wakati wa mavuno, mvua inapotukuta na kahawa iko vitandani. Ila mpunguze makali kidogo. Tunataka kuikausha, kuikaanga tutaikaanga wenyewe.

Meli ya angani, Zeppelin L59, hatuiombi, maana hiyo mliiunda kweli. Novemba 21, 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na shehena ya tani 15 hivi kwa ajili ya Lettow-Vorbeck, kamanda wenu wa Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza. Haikupangiwa kurudi: ngozi yake ingekuwa mahema, mifupa yake minara ya redio. Ilipofika karibu na Khartoum ikaamriwa kwa redio igeuze. Ilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757, siku ileile Lettow alipokuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. (Sisi hapa Gitega tulikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu Juni 1916. Kama ingepotea njia ikatutembelea, wao ndio wangelala kwenye mahema yake.)

Lakini tani 15, Mheshimiwa, ukizigawa kwa mizigo ya kilo 25, ni vichwa 600 vya wapagazi. Vichwa vya namna hiyo vita vile vilivitumia kwa malaki, upande wenu na upande wa adui zenu, miaka yote, wala hakuna mhandisi aliyelazimika kuvichora. Silaha hiyo iliundwa, ikafanya kazi, na ilipochakaa iliachwa kando ya njia na homa na kuhara. Tunaomba orodha ya majina yao, kama mliiandika. Hiyo si kejeli.

Ng'ombe tutawapokea wakiwa hai. Walete kupitia mpaka wa Kobero, 424 kamili, na mtu wa kujibu forodha watakapouliza kwa nini wamechelewa.

Wenu,
Wazee wa baraza, Gitega na Muyinga