Jogoo Aliyelala Mwembeni

Mtu akija Dar na kuku wa Singida, kuku hupokelewa kwanza, habari za safari baadaye. Ndivyo ilivyokuwa Shangazi alipofika kwetu Chamazi kutibiwa mguu, jogoo mwekundu kafungwa miguu ndani ya kapu la ukindu. "Huyu ni wako, wifi," alimwambia mama kabla hata hajaketi. "Mbegu hii Mbagala nzima huipati." Mama alimpokea kwa mikono miwili. Matetea wake wa nyuma ya nyumba ndio wanaolipa umeme na madaftari ya wadogo zangu, na jogoo wake wa siku zote alikuwa amezeeka.

Banda la mama ni la mbao na bati, limeinuliwa juu ya matofali, na kila kuku anapajua pake pa kulala. Jogoo wa Shangazi hakulitaka. Magharibi ilipoingia aliruka juu ya mwembe ulio mpakani na jirani, na haikuchukua muda matetea wawili wakamfuata, mmoja mweusi na mmoja kishingo. Mama alinung'unika. Shangazi akamtetea jogoo wake: kwao Singida, jogoo anayelala juu ndiye anayeona paka na kicheche mapema.

Mvutano wenyewe ulianza jioni ya chanjo. Kijana anayechanja kuku mtaani kwetu huja giza likianza kushika, maana hapo kuku wamo bandani na hawakimbizani na mtu. Chanjo ya mdondo aliyokuja nayo ni ile ya I-2. Hutengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Temeke. Ni virusi hai visivyo na ukali, na vinastahimili joto kuliko chanjo nyingi za kuku. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, na kazi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa tone la jicho hakuna kumwagia kundi zima kwa pamoja. Lazima umkamate huyu, umfumbue jicho, umdondoshee, umwachie, umshike mwenzake.

Wa bandani wakaisha. Mama akaagiza ngazi iletwe, wa mwembeni nao washushwe. Shangazi akasimama chini ya mti. "Wifi, mtazame huyo. Upanga mwekundu vile, macho makali vile, unamtafutia ugonjwa wa nini?" Mama hakubishana na wifi mgonjwa aliyekuja na zawadi, na kijana alikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Ngazi ikarudishwa.

Nimelitafakari sana neno lile la Shangazi, na siwezi kuliita ujinga. Upanga wa jogoo kweli unaeleza hali ya mwili wake. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo, upanga ukanywea na kuwika kwao kukakoma. Aliporudishia baadhi yao korodani tumboni, upanga ukasimama tena na ugomvi ukarudi. Mwaka 1990 Marlene Zuk na wenzake, Marekani, waliwalea majogoo wa jamii ya kuku-mwitu, wengine wakiwa na minyoo na wengine bila. Wenye minyoo upanga wao ulififia, na matetea walipopewa nafasi ya kuchagua waliwapendelea wazima. Kwa hiyo tetea hutazama pale pale anapotazama Shangazi. Lakini upanga unasema jogoo yukoje leo. Kama mwili wake umewahi kukutana na virusi vya mdondo na kujifunza kupambana navyo, hilo upanga hausemi.

Kuna jambo zito zaidi. Ukimpasua kuku mchanga, juu kidogo ya tundu la kinyesi utakuta kifuko kidogo ambacho jikoni hutupwa pamoja na uchafu. Mwaka 1956 watafiti wa Ohio, wakiwemo Bruce Glick na Timothy Chang, walitangaza kwamba kuku aliyetolewa kifuko hicho akiwa mdogo hushindwa kutengeneza kingamwili. Chang alikuwa amechukua kuku wa mwenzake ili awaonyeshe wanafunzi somo la kingamwili, na somo likakataa. Kutoka kwenye kifuko hicho ndipo sayansi ilipoanza kuzielewa chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, za kuku na zetu sisi binadamu. Mwaka 1959 ikaonekana kwamba yai likiingizwa homoni ya jamii ya ile ya kiume, kifaranga huanguliwa kifuko chake kikiwa hakikukua. Homoni inayoupa upanga wekundu wake ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukikandamiza kiwanda cha kinga. Mwaka 1992 Ivar Folstad na Andrew Karter walijenga hoja pana juu ya jambo hili: dume hulipia urembo wake kwa kinga yake. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, na mimi nimebaki katikati.

Mdondo ulipoingia mtaani kwetu, ulipitia nyumba iliyonunua kuku wa bei ya kutupa. Hili hunikera mpaka leo: mtu akiona kuku wake wanazubaa huwakimbizia sokoni kabla hawajafa, na aliyenunua hubeba msiba mpaka kwake. Jogoo wetu mchana alikuwa hakai uani. Alipita kwa jirani huyu na yule, akipigana na majogoo wao na kupanda matetea wao. Asubuhi moja hakuwika. Tulimkuta chini ya mwembe mabawa yameshuka, anahema kwa shida, kinyesi cha kijani. Kufikia kesho yake shingo ilikuwa imejipinda, na jua halijazama akawa amekwisha. Tetea mweusi akamfuata. Baba mdogo alichimba shimo refu, akawafukia, akakataza mbwa kusogea. Shangazi hakula siku ile.

Usiku mama akasema alichokuwa anakizuia. "Wifi, majogoo ndivyo walivyo. Kwetu Rufiji mdondo ukija, wa kiume ndio wa kwanza. Hawana mwili."

Hapo nilimpinga mama, kwa adabu yake. Kwa wanyama wanaonyonyesha, jike mara nyingi hujibu chanjo na maradhi kwa nguvu kuliko dume, na sababu moja ni kwamba ana kromosomu mbili za X, zenye jeni nyingi za kinga. Kwa kuku mambo yamegeuka: jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, tetea ana mbili tofauti. Huwezi kuchukua hesabu ya binadamu ukaibandika kwa kuku. Halafu, kabla hujalaumu mwili wa jogoo, fuata nyayo zake. Aliingia nyua ambazo matetea wa bandani hawakuingia, na tone hakupewa. Kule Mpala, Laikipia, Vanessa Ezenwa na wenzake waliwafuatilia swala granti na kuona kwamba kwa madume, kushikilia eneo na wingi wa minyoo vinakwenda pamoja. Dume aliyebeba kazi ya kulinda na kupigana hulipa kwa mwili, na jike asiyefanya kazi hiyo halipi bei hiyo.

Aliyenifumbua macho zaidi ni kishingo. Naye alikuwa wa mwembeni, naye hakuchanjwa, lakini alipona, hata kuzubaa hakuzubaa. Mama ndiye aliyekumbuka: baada ya jioni ya chanjo, kishingo alianza kutaga kwenye kona ya banda, na tangu hapo hakupanda mti tena, akawa analala amebanana na wenzake waliochanjwa karibuni. Virusi vya I-2, kwa kuwa ni hai, huweza kupita kutoka kwa kuku aliyechanjwa kwenda kwa anayelala naye. Si njia ya kutegemea, na kijana wa chanjo alituonya hivyo, ila naamini ndiyo iliyomwokoa. Utagaji ulimshusha mtini, banda likampa kinga. Kama kuna tofauti ya jike na dume iliyofanya kazi nyumbani kwetu, niliiona hapo.

Na bado hesabu haikufungika. Mtemba mmoja alichanjwa jichoni mbele ya macho yangu na akafa. Huyu alikuwa wa mwisho kwa kila kitu. Pumba zikimwagwa hudonolewa, maji akisogelea hufukuzwa, manyoya mgongoni yamenyonyoka. Mpangilio huo wa nani amdonoe nani ulielezwa na Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kila mfugaji wa Charambe anaujua bila kufundishwa. Kuku aliyekonda, mwenye minyoo, asiyeshiba, hupokea tone lile lile, lakini mwili wake hauna cha kulijibia. Kwa nyani wa Amboseli, ambao wamefuatiliwa tangu 1971, ilionekana mwaka 2012 kwamba madume wa daraja la juu hupona majeraha haraka kuliko wa chini. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa kundi hilo hilo walikuwa wameonyesha kwamba dume mkuu kabisa ana homoni nyingi za msongo kuliko anayemfuatia. Juu kuna adha yake na chini kuna yake. Mtemba wetu hakuuawa na ujike wake. Aliuawa na nafasi yake pale kwenye pumba.

Nilimwambia mama amtenge kuku wa namna hiyo, amlishe peke yake na kumpa dawa ya minyoo kabla ya chanjo ijayo. Mama akafanya zaidi: akachukua daftari, akampa kila kuku mstari wake, anakolala, anavyokula, lini alipata tone. Mayai ya kishingo ameyatia alama ya makaa, yaatamiwe kwanza, kwa kuwa tetea mwenye kinga huwapitishia vifaranga kingamwili kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo hudumu majuma machache tu, nayo ni muhimu.

Shangazi mguu umepata nafuu, na Singida hajarudi. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishachanganywa haiwekwi akiba. Kwa hiyo yeye ndiye anayezunguka sasa na fimbo yake kukusanya michango, nyumba kwa nyumba mpaka kule bondeni. Akipiga hodi na kuitikiwa, haulizi una kuku wangapi. Anauliza wanalala wapi, na akiambiwa kuna wanaolala mtini, anataka kuonyeshwa mti wenyewe na ngazi itakayotumika.