Kwa Heshima ya Mkato

Washairi wa pwani wamekwisha kuisifia bahari, mnazi, jahazi na subira. Sijaona aliyemsifia mkato. Nasema "aliyemsifia" kwa kusudi, na najua walimu wa sarufi watashtuka, maana mkato ni wa ngeli moja na mti na mto. Lakini kitu ukikaa nacho miaka mitatu usiku na mchana, kikakunyima usingizi, kikala nauli yako, kikajua hata unalalia ubavu gani, huwezi tena kukiita kitu. Mkato wangu nimempandisha ngeli. Yuko pamoja na mtu, mgeni na mdudu.

Wale wa kwenye barua na insha nawaacha na hamsini zao. Ninayemsifu ni yule wa kwenye marejeleo, anayekaa baina ya jina la mwisho la mwandishi na herufi ya kwanza ya jina lake: Robert, S. Kezilahabi, E. Umbo lake ni la punje ya ufuta iliyoota mkia. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa na kurasa 140 za maelezo na kurasa 9 za marejeleo, na ofisi ya uzamili ya chuo chetu iliirudisha mara nne. Mara zote nne zile kurasa 140 zilirudi safi kama zilivyokwenda. Wino mwekundu ulikuwa kwenye zile 9. Basi kiumbe mwenye uwezo wa kumzuia mtu asihitimu, akiwa na ukubwa huo, anastahili kusifiwa na mtu mzima mwenye akili zake.

Sifa yake ya kwanza ingetosha peke yake: mkato anaheshimu wazazi. Tuseme wazi, anamheshimu baba. Wengi wetu tunaitwa kwa jina letu, kisha la baba, kisha la babu, na hapo hamna jina la ukoo. Mkato hayo hayamhusu. Analichukua jina la mwisho analolikuta, analipandisha mbele kama bwana harusi, na mwenye kazi anamkata mpaka anabaki herufi moja na nukta. Tazama alivyomtendea Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, ambaye wakati wake aliandikwa pia Shaaban bin Robert. Mwenye macho anaona: Shaaban, mtoto wa Robert. Ukimtaja leo kijiweni kwa jina moja, utasema Shaaban. Lakini fungua orodha yoyote ya marejeleo uone Kusadikika ni cha nani. Ni cha Robert. Kufikirika, Robert. Hata maisha yake mwenyewe aliyoyaandika kwa mkono wake, Robert. Mzee huyo alimzaa mtoto mwenye kalamu, na mkato akamrithisha maktaba nzima.

Mwana Kupona naye, binti Msham, alitunga utendi wake mwaka 1858 ili kumuusia binti yake. Ni maneno ya mama kwa mwanawe wa kike, ndani ya nyumba, wanaume wakiwa nje. Mkato akipita hapo bila kupiga hodi anaukabidhi kwa Msham.

Na kwetu pia amefika. Baba yangu ni seremala aliyeishia darasa la nne. Leo ana makala mbili katika majarida ya kitaaluma, moja ya istilahi za ubaharia na nyingine ya ngeli za nomino. Na mimi nimo humo, kwa herufi moja na nukta. Nilipomwonesha alivaa miwani, akalitazama jina lake, akauliza amelipwa kiasi gani. Nikamweleza kwamba huku kwetu mwandishi halipwi, na pengine yeye ndiye anayelipa. Akasema basi wamwondoe. Mama alikuwa ameketi hapo hapo anapepeta unga. Ada yangu yote ilitoka kwenye karai lake la maandazi. Mama hana hata nukta.

Wakati mwingine heshima hii hupita kiasi. Nina rafiki Mzanzibari mwenye majina matatu. Katika makala yake ya kwanza aliandika yote matatu, akawa chini ya babu. Katika ya pili aliandika mawili, akawa chini ya baba. Ulipofika wakati wa kuhesabu kazi zake ili apandishwe cheo, kompyuta ikasema hao ni watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyetimiza.

Sifa nyingine nazitaja mbiombio. Mkato hunoa macho: leo naweza kukwambia kwa hatua tatu kama amelala kwa mlazo au amesimama wima. Anakuza biashara: mwenye steshenari ya karibu na geti la chuo amepaua nyumba yake nikimwona, na baadhi ya mabati yale ni yangu. Hachagui tajiri wala maskini, wote anawachelewesha.

Nasaba yake nayo si ya kubeza. Mtindo tunaouita wa Harvard hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa chuo hicho, ambaye mwaka 1881 alichapisha utafiti juu ya mayai ya konokono asiye na nyumba, yule anayetambaa uchi bustanini, na humo akaweka mwaka wa chanzo ndani ya mabano. Kwa hiyo kila ninapoandika jina na mwaka kwenye mabano, nainama kidogo kwa huyo konokono. Chuo chenyewe hakina kitabu rasmi cha mtindo huo. Matokeo yake Harvard imekuwa kama pilau: kila nyumba ina yake, na kila nyumba inaapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Nilikosoma shahada ya kwanza, Harvard ilitaka mwaka kwenye mabano. Nilikosoma ya pili, Harvard ilikataa mabano kama najisi.

Mtindo wa wanasaikolojia wa Marekani, APA, ambao ndio ulioitawala tasnifu yangu, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba. Toleo la saba, la mwishoni mwa 2019, lina kurasa zaidi ya mia nne. Sungura waone haya. Katika matoleo mengi ya katikati, kitabu kilipaswa kutajiwa mji kilikochapishwa. Mimi, mtiifu, nilikaa maktaba siku mbili nikitafuta mji wa kijitabu kimoja ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Niliupata. Niliuandika, nikatia nukta pacha, nikaandika mchapishaji, nikaenda kunywa chai kama mtu aliyevua papa. Kumbe toleo la saba lilikuwa limekwisha kuufuta mji. Msimamizi wangu alikuwa na toleo la sita. Ofisi ilikuwa na karatasi moja iliyorudufiwa mpaka herufi zimeota ndevu, isiyo na toleo wala tarehe. Msimamizi alitia mji, ofisi ikautoa, msimamizi akaurudisha na kuandika pembeni, "Nilishakwambia." Lile toleo la sita lenyewe, lilipotoka mwaka 2009, chapa yake ya kwanza ilikuwa na makosa mpaka ikabidi watoe orodha ya masahihisho. Hao walisahihisha, na hakuna aliyewazuia kuhitimu.

Hapa naomba nimrudishe mkato kwenye ngeli yake. Mkato ni kitu. Haukunirudisha mara nne; wamenirudisha watu, wenye meza na mhuri, na sidhani kama ni haki kuendelea kuutania mkato huku wao wamekaa kimya nyuma yake.

Kwenye zile kurasa 9 nilikuwa na vyanzo 118. Kumi na kimoja kati ya hivyo sijavisoma. Sikupata hata kuviona. Niliviona kwenye marejeleo ya mtu mwingine, vikanipendeza kwa uzito wao, nikavichukua na mikato yake kama mtu anavyoanua nguo za jirani pamoja na vibanio. Nilikuwa na hofu navyo. Mara nne tasnifu ikaenda, mara nne ikarudi, na vile kumi na kimoja havikuguswa na wino hata tone. Vilikuwa sahihi. Chanzo nilichokisoma mpaka kikachanika mgongo ndicho kilichopigwa mstari, kwa kuwa nilisahau nukta baada ya mabano.

Hiyo ndiyo elimu niliyoipata, na wapo wanaoijua vizuri kuliko mimi. Mitaani kuna vijana wanaoandikia watu tasnifu kwa malipo, na mikato yao huwezi kuitoa kasoro, kwa kuwa mteja hanunui kingine. Siku hizi kuna na programu za kompyuta ambazo ukiziomba marejeleo zinaweza kukutungia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, pamoja na mwandishi, mwaka, mchapishaji na mkato mahali pake. Kwa macho ya ile karatasi yenye ndevu, huyo ndiye mwanafunzi bora wa mwaka. Na ipo makala ninayoifahamu sana ambayo jina la kwanza ni la mkubwa mmoja aliyekutana nayo siku ya kutia saini. Jina lake limefuatwa na mkato safi kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba pwani hii haikuwa ngeni kwa jambo la kutaja chanzo. Wanaosoma elimu ya hadithi madrasani wanaijua isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Na wakaguzi wa isnadi walikuwa wakali kuliko ofisi yoyote, ila ukali wao ulikuwa kwa watu. Huyu alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Hawa wawili walipata kuishi zama moja, wakakutana? Mimi katika miaka mitatu sikuulizwa na mtu yeyote kama nimekutana na niliowataja.

Na niliyekutana naye kweli hakutakiwa kwenye orodha. Tasnifu yangu ni ya majina ya pepo na lugha ya mabaharia, na nusu ya ninachokijua alinipa nahodha mmoja mzee wa Pangani. Nilikaa kwake siku tano. Alinipa kaskazi na kusi, kisha akashuka kwenye vile vipepo vidogo, umande na matlai, kila kimoja na saa yake na tabia yake, kama mtu anayetaja wajukuu. Kwa kanuni za APA mazungumzo kama hayo hayaingii kwenye orodha, hutajwa ndani ya maandishi tu, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyachukua kwenye rafu. Mtafiti aliyefika kwake kabla yangu na kuyaandika amechapishwa, kwa hiyo yumo kwenye orodha, chini ya jina la baba yake. Mzee nilimuuliza kama niandike jina lake. Akasema niliandike lote, na la babake, na la chombo chake. Fomu ya maadili ya utafiti ikasema wahojiwa wote wafichwe kwa namba.

Nilipohitimu nilimpelekea nakala ya jalada gumu. Tuliketi barazani kwake, nikamwamkia, akaipokea kwa mikono miwili, akasema atasoma sasa hivi nikiwepo. Alianzia sura ya nne, ya pepo, kidole kikifuata mstari. Marejeleo hakuyafikia, namshukuru Mungu. Alisoma muda mrefu, chai ikapoa. Mahali fulani alisimama, akarudia kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwanangu," akasema, "huyu Mhojiwa wa Saba ni mtu wa wapi? Huyu anaijua bahari. Nipeleke nikaonane naye."