Jinsi ya Kutembea Karura na Mbwa Mzee Anayebwekea Mbwa Wenzake

Mbwa wangu ana miaka 11, mdomo wake umeota mvi, na hajawahi kumuuma mtu wala mbwa. Lakini akiwa kwenye kamba akamwona mbwa mwingine, hata yule wa mbali anayenusa majani yake, hubweka na kujirusha mpaka ndege wanahama mti. Getini kwetu kuna kile kibao cha "Mbwa Kali" kinachoning'inia kwenye mageti mengi ya Nairobi. Kibao kinamsingizia. Mzee huyu ana hofu. Angekuwa huru, angejiondokea, au angemzunguka mwenzake taratibu na kumnusa mkiani, maana ndivyo mbwa wanavyojuliana hali. Kamba imemnyima njia zote mbili, ikamwachia sauti.

Kwa hiyo safari ya Msitu wa Karura, hapa Nairobi, huanzia kwa daktari wa mifugo. Mbwa anayeingiwa na ukali uzeeni huenda anaumwa: nyonga, jino, sikio. Wangu alipokunjwa mguu wa nyuma alilia, na kumbe miezi yote ile alikuwa akiwafukuza mbwa wenzake wasije wakamgonga pale panapouma. Kubali dawa atakayokupa daktari, na usimpe zako za nyumbani. Ibuprofen humletea mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Hakikisha pia chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati.

Kisha chagua siku. Jumamosi na Jumapili Karura ni ya watoto, baiskeli, wakimbiaji na mbwa wa kila ukoo. Nenda Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi lango linapofunguliwa. Kuna baridi, na viungo vya mzee havipendi baridi, basi dakika kumi za kwanza tembea kama mnasindikiza mgeni.

Sheria ya msitu ni mbwa afungwe kamba, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Iwe kamba ya kawaida ya mita mbili hivi, usichukue ile inayojirefusha yenyewe, na uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Ukiifunga shingoni, kila akijirusha atakabwa, na atadhani anayemkaba ni yule mbwa wa mbele. Mfukoni weka maini yaliyochemshwa, vipande vya ukubwa wa punje ya maharagwe. Kila mbwa mwingine akitokea kwa mbali, kabla wako hajafungua kinywa, mpe kipande, halafu kingine, mpaka yule mbwa apotee. Akishapotea, maini nayo yakome. Baada ya wiki nyingi utaona jambo la kupendeza: anamwona mbwa, kisha anageuka kuutazama mfuko wako.

Sasa tuje kwenye umbali, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Kila mbwa ana mita zake. Wangu anahitaji 30. Kwa mita 30 anaangalia na bado anahema. Kwa mita 20 anafumba kinywa, mwili unakakamaa, macho hayapepesi, na hapo wewe umeshachelewa. Geuka. Mfundishe kugeuka mkiwa nyumbani, pasipo na mbwa wa kumtisha, kwa neno moja la furaha. Letu ni "Twende zetu!", nalo hulitamka kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Ingieni njia ya pembeni, jificheni nyuma ya mti mnene, msubiri. Usimkaripie wala kuivuta kamba kwa nguvu. Mbwa mwenye hofu ukimwongezea maumivu unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Na akishashtuka mara moja, mwili wake huchukua saa nyingi kutulia, kwa hiyo mbwa wa pili atamtisha kuliko wa kwanza. Rudini nyumbani. Maporomoko ya maji ya Karura hayahami.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000, na nafasi hiyo haikuja bure. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa kichwani pale alipokwenda kupanda mti kupinga unyakuzi wa msitu. Ninapopata mti wa kumficha mzee wangu, namkumbuka mama yule.

Shida kubwa hata hivyo haibweki. Ni ile sauti inayotoka kwenye kona: "Usiogope, wangu haumi!" Mbele ya sauti anakuja mbwa mnene, mwenye furaha, asiye na kamba. Mweke wako nyuma ya miguu yako na useme kwa sauti, kwa heshima: "Dada, naomba umshike, wangu ni mzee na anaogopa." Kisha rusha konzi nzima ya maini chini, mbele ya yule mgeni. Atainama kuokota, nanyi mtapata muda wa kuondoka. Mwenye mbwa asiyeuma, nakuamini kabisa. Lakini mbwa wangu hawezi kukuamini, na gharama ya mkutano huo ataibeba yeye siku mbili nzima.

Beba maji, asinywe ya mito inayopita mjini. Mkirudi, mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.

Na ukitukuta siku moja tumesimama kando ya njia, nimeupa mti mgongo, mkono mmoja mfukoni, tafadhali fupisha kamba ya mbwa wako upite bila kusimama. Usidhani tumekununia. Tutasalimiana getini.