Mhadhara wa Sauti ya Pili, Utolewao na Mwenye Sauti ya Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye nimeambiwa yuko njiani tangu saa tatu asubuhi, wazee wetu, akina mama mlioacha sufuria jikoni ili mje kuniona, vijana mlioletwa na mabalozi wenu, itifaki imezingatiwa. Naomba mketi vizuri na mtulie, maana elimu nitakayoimwaga hapa leo haizoleki.

Wapo kati yenu wasionifahamu. Nawasamehe. Mimi ndiye mtaalamu pekee wa uimbaji wa watu wawili katika tarafa hii, cheo nilichojitunuku baada ya kuona wanaohusika wanachelewa. Sauti ya pili nimeiimba kwayani miaka kumi na mmoja, hadi mwalimu wa kwaya, jina simtaji, Mungu anamjua, aliponiomba kwa adabu nihamie idara ya kufungua na kufunga madirisha. Na kutokea pale dirishani, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kuisikia kwaya vizuri.

Kushoto kwangu mnamwona ndugu yangu mwenye kofia ya pama. Tangazo lilisema tutazungumza wawili. Naye atazungumza, asiwe na wasiwasi. Nikimaliza.

Tuanze na misingi. Solfa ni mtaa wa nyumba zilizopangana: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mwimbaji wa kwanza akibisha hodi nyumba ya do, mwenzake asiingie naye humohumo. Huo ni msongamano. Wala asiende nyumba ya jirani, re, kwani kuta zitagombana. Aruke nyumba moja, abishe mi. Wa kwanza akisogea re, wa pili asogee fa. Wanatembea hivyo mtaa mzima, sambamba, kila mmoja mlango wake, na wewe msikilizaji unaapa kwamba amepita mtu mmoja mwenye kifua kipana. Ndugu wawili wa Marekani, Don na Phil Everly, waliijua njia hiyo tangu utotoni: kaka mtu chini na wimbo wenyewe, mdogo mtu juu yake. Ndugu yangu mwenye kofia anatikisa kichwa kukubali. Asante, inatosha.

Sasa tuingie darasani, tuwaone Wamarekani wengine wawili waliovuma kwa kuimba pamoja. Mwaka 1953, mtaa wa Queens mjini New York, shule moja ya msingi iliigiza kisa cha Alice, yule msichana wa Nchi ya Ajabu. Paul Simon alipewa kuwa Sungura. Art Garfunkel alikuwa Paka, yule anayetoweka taratibu hadi libaki tabasamu tupu. Watafiti wengine huipita habari hii haraka. Mimi sikuipita. Ni Mswahili gani anayesikia Sungura ametajwa asitege sikio kujua nani ataachwa kwenye mataa? Mwaka 1957, wakiwa na miaka kumi na sita, walitoa santuri ya kwanza, nayo ikapanda hadi nafasi ya 49 kwenye chati ya Billboard. Walijiita Tom na Jerry. Garfunkel alikuwa Tom. Paka tena! Na kabla vumbi halijatua, Jerry alikuwa amekwenda kurekodi santuri yake peke yake bila kumwambia mwenzake. Donda hilo Garfunkel aliliugulia miaka mingi. Haya, semeni wenyewe: Sungura huyo au si Sungura?

Lakini tuwape haki yao. Walifanya kazi. Waliwaiga wale ndugu wa Everly mpaka wakaiva. Walikuwa wakiketi pua kwa pua, kila mmoja akiukodolea macho mdomo wa mwenzake, auone ulimi unagusa meno saa ngapi. Hapa ndipo wasio wataalamu huanguka. Wao hudhani kazi ni kupata noti. Noti hata jogoo anapata! Kazi ni herufi. Semeni “samaki” wote kwa pamoja. Haya! Mmesikia? Herufi s moja imetangulia, nyingine imefuata kama inadaiwa nauli. Watu wawili wakipishana hivyo kwenye kipaza sauti kimoja, msikilizaji huinua miguu akidhani nyoka ameingia ukumbini. Simon na Garfunkel waliimba kwenye kipaza sauti kimoja, kisha wakairudia sauti ileile juu ya ile ya kwanza, na nyoka hakuonekana.

Ndugu yangu ameinua mkono. Nimeuona. Uendelee kubaki hapo juu.

Albamu yao ya kwanza, Oktoba 1964, ilidoda. Sauti mbili na ala zisizo na umeme, basi. Simon akahamia Uingereza, Garfunkel akarudi chuoni. Mwaka 1965 mtayarishaji wao, Tom Wilson, akautoa kabatini wimbo mmoja wa albamu hiyo, “The Sound of Silence”, akaubandika gitaa la umeme, besi na dramu, wala wenyewe hawakuulizwa. Ilipofika Januari 1966 wimbo ulikuwa namba moja Marekani. Kwa hiyo wawili hawa walipatanishwa na mtu wa tatu, aliyewafungisha ndoa wenyewe wakiwa hawapo.

Huko Uingereza, Simon alichota mpangilio wa wimbo wa kale, “Scarborough Fair”, kwa mpiga gitaa Martin Carthy. Mwaka 1966 ukatoka kwenye santuri ya wawili hawa, na jina la Carthy halikuonekana. Kinyongo kikakaa zaidi ya miaka thelathini. Kiliondokaje? Mwaka 2000 Simon alimwita Carthy jukwaani London, wakauimba pamoja. Ugomvi wa wimbo ulimalizwa kwa sauti mbili. Kanuni hii nimeigundua mimi.

Sasa shikeni viti. Simon alitunga “Bridge over Troubled Water”, akamwambia Garfunkel auimbe peke yake. Garfunkel alisitasita, akaona bora mtunzi auimbe mwenyewe. Mwishowe akakubali. Ukumbi unazimwa taa, Garfunkel anasimama na piano, watu wanalia, watu wanashangilia. Na Simon kakaa pembeni, mikono mapajani, anawaza kwamba wimbo ule ni wake. Amekiri mwenyewe baadaye kwamba ndivyo alivyojisikia. Albamu ilitoka Januari 1970, na mwaka huohuo wakaachana. Tuzo za Grammy za 1971 ziliwakuta kila mmoja ameshashika njia yake.

Wataalamu wa vichochoroni husema waliachana kwa sababu mafahali wawili hawakai zizi moja. Uongo! Walikuwa wamekaa zizi moja miaka na miaka, wakinywa maji ndoo moja. Kilichowatenga ni swali moja tu: wimbo ni wa nani? Do peke yake ni ya mtu. Mi peke yake ni ya mtu. Lakini kile kinachosikika zikikutana si cha huyu wala cha yule, na atakayekivuta aende nacho kwake atafika na noti moja mkononi. Mwenye akili humpisha mwenzake, humsikiliza, humwachia nafasi. Unyenyekevu, ndugu zangu! Na kwa unyenyekevu hakuna anayenifikia.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Tarehe 19 Septemba 1981 waliimba pamoja tena bustani ya Central Park, New York, na umati ulikadiriwa kufika watu 500,000, wote na makapu yao. Ndugu zangu, leo nimekuja na kapu. Kwa kuwa nadharia bila vitendo ni mzigo wa punda, nitaimba do, na ndugu yangu mwenye kofia atanipa mi. Nimempa nafasi. Mtanishuhudia.

Ndugu yangu?

Kiti ni kitupu. Alikwenda saa ngapi? Wakati wa Grammy? Basi mngesema, nimekuwa nikimkatiza mtu asiyekuwepo. Haidhuru. Mtaalamu hamtegemei mtu. Sikilizeni:

Do...

Mmesikia? Hiyo mi iliyotoka upande wa barazani, kwenye sufuria za pilau? Nyamazeni. Do...

Mabibi na mabwana, muandike kwenye madaftari yenu. Ukumbi huu una mwangwi wa ajabu: ukiuimbia do, unakurudishia mi, ukiwa na pilau mdomoni. Mgunduzi ni mimi. Maswali yatapokelewa baada ya chakula, kama kitakuwa kimebaki.