Heko kwa Mlaliaji

Dalali ana chama chake, mchuuzi ana wa kumwonea huruma, na hata mwizi wa kuku akikamatwa hapakosi shangazi wa kumtetea. Mlaliaji hana mtu. Nazungumzia yule ambaye ukiweka kwenye simu picha ya rupia ya Mjerumani, ukaandika laki moja na ishirini, maongezi yapo, anaingia inboksi kabla hujapata nafasi ya kuweka simu mezani, anakupa elfu tano. Watu humwita mchawi wa biashara, wengine humfungia namba. Mimi nauza vitu hivi vya kale kutoka huku Nkunga, wilayani Rungwe, na nimeamua kuwa mtu wake.

Kwanza ana adabu. Hawa wa Facebook wanaouliza "ngapi?" na kutokomea, hata salamu hawana. Mlaliaji huanza na shikamoo. Wangu mmoja, kijana wa Dar es Salaam kwa mujibu wa maelezo yake, aliuliza hali ya mvua, akauliza viazi vimetokaje, akampa pole mama watoto kwa mafua ambayo sikumbuki nilimwambia lini. Nikamwambia ndaga, asante, tunaendelea vizuri. Ndipo akateremka polepole.

"Mzee wangu, ile rupia mwisho ngapi?"

"Laki na ishirini, kijana wangu."

Kimya. Simu ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena.

"Hali ngumu mzee wangu. Nina elfu tano hapa, nakurushia sasa hivi pamoja na ya kutolea."

Nikamweleza kuwa rupia ile ina uzito wa gramu kumi na moja na zaidi, na zaidi ya tisa ya kumi yake ni fedha halisi. Hata sonara akiiyeyusha bila kuangalia sura ya Kaiser, atapata zaidi ya elfu tano mara kadhaa.

"Najua, mzee wangu," akajibu. "Ndiyo maana sijasema elfu tatu."

Sasa mtu kama huyo unamchukiaje? Siku hiyohiyo watu wengi walikuwa wameweka mioyo na vidole gumba chini ya picha ile. Mmoja aliandika kuwa hii ni historia yetu, tuitunze. Mwingine akasema Mungu anibariki. Amina. Lakini katika umati wote ule wa wapenda historia, aliyeitaka rupia yenyewe, kwa fedha taslimu, alikuwa mlaliaji peke yake.

Pili ni mwalimu, na hatozi ada. Yeye ndiye huuliza kama kuna tarehe, kama kuna herufi ndogo chini, kama ukingo umekatwa. Yeye ndiye aliyemfundisha jirani yangu somo ambalo hakuna bwana shamba wala mwalimu aliyewahi kupanda huku kulifundisha. Jirani huyo aliokota heller kadhaa, sarafu ndogo za Mjerumani, alipokuwa anachimba msingi wa banda la ng'ombe, akazifurahia, akazisugua kwa majivu, ndimu na steelwaya mpaka zikang'aa kama sufuria za bi harusi. Akazipiga picha juani. Mlaliaji akajibu kwa neno moja: "Umeziua." Kisha akatoa bei ya vyuma chakavu. Ilikuwa bei chungu, lakini ni kweli kwamba wakusanyaji wa sarafu hutaka ile rangi ya uzee, na sarafu ikishasuguliwa hairudi ilivyokuwa.

Tena heller zenyewe, tuseme ukweli, hazikuwa mali adimu. Kati ya 1904 na 1913 zilipigwa kwa mamilioni huko Berlin na Hamburg, zikamwagwa kwenye koloni lote, Tukuyu ikiwemo, wakati ule ikiitwa Neu-Langenburg na boma lake. Ziliingia kwenye kodi, zikaingia kwenye mishahara ya wapagazi, zikapotea ardhini. Ukiokota moja iliyolika mpaka taji halionekani, mlaliaji akakupa elfu mbili, hajakutukana. Amekuambia bei, basi. Sisi ndio tuliotaka uongo.

Na uongo upo wa kutosha. Hakuna kijiwe Tukuyu kisicho na mtu mwenye binamu aliyemwona mtu aliyeuza rupia moja kwa milioni mia. Mnunuzi huwa Mwarabu, au Mzungu wa gari jeusi, na rupia huwa na zebaki ndani. Hapo ndipo sifa kubwa ya mlaliaji inapoonekana. Tapeli akija hakupi elfu tano. Anakupa milioni mia. Anakuambia umekalia utajiri, ila kuna mtaalamu lazima aje kuipima, na huyo mtaalamu anahitaji nauli, na kuna dawa ya kupimia, na dawa ina gharama kidogo. Watu wameuza ng'ombe kulipia gharama kidogo hizo. Mlaliaji hajawahi kumwuzisha mtu ng'ombe. Anayekupa milioni mia anakitaka kilicho chako. Anayekupa elfu tano anaitaka rupia tu.

Wala habagui, na hiyo ni fadhila adimu siku hizi. Kuna sarafu moja ambayo kila muuzaji wa vitu vya kale Tanzania huiota: rupia kumi na tano za dhahabu, zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati Wajerumani wamezingirwa na vita, meli haziingii, wakawa wanajitengenezea hela wenyewe kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu. Upande mmoja kuna tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Wakati huohuo zilipigwa ndogo, za heller tano na heller ishirini, kwa shaba na mabaki ya maganda ya risasi za mizinga, nazo zina ile herufi T ya Tabora. Nina hakika kabisa kuwa mtu akiweka tembo yule mtandaoni leo, mlaliaji atafika na salamu zilezile, aulize mvua, kisha atoe elfu ishirini na ya kutolea. Kwake dhahabu na shaba ni ndugu.

Nasaba yake nayo ni ya kutukuka kuliko wengi wanavyojua. Kila aliyesoma historia shule ya msingi anamkumbuka Karl Peters, na anamkumbuka Chifu Mangungo wa Msovero. Mwishoni mwa 1884, katika muda wa wiki chache, Peters alipita Usagara na jirani zake akakusanya mikataba kumi na miwili, karatasi za Kijerumani ambazo waliotia alama hawakuweza kuzisoma, na kwa zawadi ndogondogo na maneno matamu ya urafiki akatoka na nchi. Mwaka uliofuata Kaiser akampa hati ya ulinzi. Huyo ndiye babu wa walaliaji wote, na wajukuu wake wa leo ni waungwana kumpita: Peters hakuongeza hata ya kutolea.

Kampuni iliyotokana na karatasi zile ndiyo iliyoanza kupiga rupia mwaka 1890, yenye Kaiser kavaa kofia ya chuma upande mmoja, na upande wa pili simba mbele ya mnazi na jina refu la kampuni limezunguka. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam anaponipa elfu tano kwa rupia ya kampuni ile, siwezi kusema anaivunjia heshima. Anaitendea kama ilivyowatendea wengine. Kuna haki ya namna fulani hapo, ingawa ningependa haki hiyo ianzie kwa muuzaji mwingine.

Lakini nisije nikaonekana nasifu tu kwa sababu sijawahi kulaliwa. Mtu wa Rungwe halaliwi mara ya kwanza na simu. Sisi tumelelewa na lumbesa. Mnunuzi wa viazi anakuja shambani na magunia yake, na kamba, na sindano. Gunia linajaa, halafu linawekewa kilemba, halafu kilemba kinashonewa kilemba kingine. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo mia, na Wakala wa Vipimo wameimba wimbo huo miaka na miaka. Lumbesa inapita tu, usiku na mchana, inateremka barabara ya Uyole. Ndizi hivyohivyo, mkungu unapangiwa bei na mtu aliyesimama juu ya lori huku injini inanguruma. Wa shambani anakulalia kwa uzito na wa simu anakulalia kwa bei, na tofauti ya hao wawili ndiyo iliyonifanya nimpende huyu wa pili. Viazi havingoji. Ukigoma wiki mbili katika mvua hizi za Tukuyu, vinaota au vinaoza, na mnunuzi analijua hilo kuliko unavyolijua wewe. Rupia ya 1891 imengoja utawala wa Mjerumani uishe, Mwingereza aje na aondoke, shilingi ya Tanzania izaliwe 1966, na haijaoza. Mbele ya mali isiyooza mlaliaji ni simba wa kwenye sarafu: ana manyoya, ana mkia, hana meno. Unaweza kumpa marahaba yake, ukamuuliza hali ya Mbagala, ukafunga simu na kwenda kukamua.

Meno anayapata mahali pamoja tu, na anapajua. Shule zinafunguliwa Januari. Sare, madaftari, godoro, michango ambayo haiitwi ada lakini mtoto harudi darasani bila hiyo. Ukipitia ujumbe wangu wote wa elfu tano, elfu nane, elfu kumi, utaona walaliaji wanakuja mwaka mzima kwa mzaha, wanakuja Januari kwa dhati. Mwezi huo rupia nayo inaanza kuoza kama kiazi, na elfu kumi na tano inayotumwa sasa hivi inaanza kuwa hoja. Sitamlaumu mlaliaji kwa hilo. Kalenda si yeye aliyeitunga, na kuwahi sokoni wakati bidhaa imeiva ni sifa ya mfanyabiashara yeyote. Ila wewe mwenye kopo la sarafu uvunguni, usizipige picha Januari. Ziache mpaka viazi vimeuzwa, mtoto yuko darasani na huna haraka na mtu, ndipo umwite mlaliaji kwa jina lake na umsikilize mpaka mwisho.