Hongo ya Fundi Cherehani
Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilibeba merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kutoka Marekani, ambacho kilipimwa kwa doti ya mikono minane na kumegwa njiani kwa hongo, yaani ushuru wa kupita uliotozwa na watemi wa Ugogo. Desturi hiyo inaelekea kurithiwa na baadhi ya mafundi cherehani, ambao hupokea kitenge na malipo ya awali, huahidi Ijumaa bila kutaja ya mwezi gani, kisha hurudisha gauni lenye maua yaliyopinduka na mkono mmoja mfupi, huku kipande kilichobaki kikionekana Jumapili, kimeshonwa barabara, mwilini mwa mtoto wa fundi. Mteja akilalamika huelezwa kwamba amenenepa. Watemi, angalau, hawakudai pesa ya uzi.