Shida za Wasomaji: Kununua Kindle au Kubaki na Karatasi

Katika shida za nyumbani zinazoletwa na vitabu, ile ya kuamua kama kinunuliwe kifaa cha kusomea vitabu pepe ndiyo changa kuliko zote. Mchwa, paa linalovuja juu ya rafu na rafiki asiyerudisha alichoazima vimekuwapo tangu zamani, na dawa zake zinajulikana hata kama hazifanyi kazi. Librie ya Sony, kifaa cha kwanza kuuzwa kikiwa na kioo cha wino wa kielektroniki, ilitoka Japani mwaka 2004 na haikugombanisha watu wengi. Ugomvi ulianza Novemba 2007, Amazon ilipoingiza Kindle sokoni huko Marekani kwa dola 399 na shehena ya kwanza ikaisha kwa saa chache. Tangu hapo bei ya Kindle ya kawaida imeshuka hadi dola 110 hivi kabla ya nauli na ushuru, na kwa sababu hiyo shida imewafikia hata wanaoishi kwa mshahara wa ualimu. Barua zilizojibiwa hapa zimechaguliwa kwa kuwa zinarudiwarudiwa.

Anayejiita Rafu Imepinda, wa Tanga, anaeleza kwamba mumewe hununua vitabu kila mwisho wa mwezi, kwamba sebule imejaa na sasa vimeanza kuingia uvunguni mwa kitanda, na kwamba muuza vifaa mmoja amemhakikishia kuwa kitu kisichofika robo kilo hubeba maelfu ya vitabu. Anauliza kama akimnunulia mumewe kifaa hicho, nyumba itapata nafasi.

Hesabu ya muuzaji ni sahihi. Kindle ya kawaida ina gramu 158 na hifadhi ya GB 16, na riwaya isiyo na picha huchukua MB chache tu. Kosa liko kwenye kudhani kwamba vipya vikiingia kwenye kifaa, vya zamani hutoka rafuni. Vitabu vya zamani havina habari kwamba kifaa kimenunuliwa. Mume wa aina hii akipewa Kindle huwa na maktaba mbili, na ile ya pili haionekani, hivyo mke hawezi hata kuihesabu wakati wa mabishano. Kinachohitajika Tanga ni fundi seremala. Rafu mpya isiegemezwe kwenye ukuta unaotoa unyevunyevu, maana hewa ya pwani huotesha ukungu kwenye karatasi, na miguu yake ipakwe dawa ya mchwa kabla kitabu cha kwanza hakijapandishwa.

Mhanga wa PDF, mwanafunzi wa uzamili mjini Morogoro, ana makala za mhadhiri zilizojaa simu nzima. Macho yanamuuma, na anataka kifaa chenye kioo kisichochosha ili amalize tasnifu.

Kuhusu kioo, ana haki ya kukitamani. Kimejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko mna kimiminika maangavu na chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji zinazopingana. Umeme ukielekezwa upande mmoja, nyeupe hupanda juu. Ukigeuzwa, nyeusi hupanda, na herufi hujichora. Zikishapanda hubaki palepale bila kutumia umeme, ndiyo maana chaji moja hukaa wiki kadhaa na mgao wa umeme hauna la kufanya. Mwanga wa kusomea usiku hutoka kwenye taa ndogo za pembeni zinazomulika uso wa kioo, tofauti na simu ambayo humulika macho ya msomaji kutokea nyuma. Juani kioo hicho husomeka vizuri zaidi, jambo ambalo simu hailiwezi.

Shida ya Morogoro iko kwenye mafaili. Kitabu pepe cha kweli, kama cha muundo wa EPUB, kina maandishi yanayojipanga upya kila herufi zinapokuzwa. PDF ni ukurasa uliogandishwa: ukurasa wa A4 ukiletwa kwenye kioo cha inchi sita, herufi huwa ndogo kama mayai ya sisimizi, na ukizikuza, mstari hukatika katikati na kumlazimu msomaji kuusukuma kushoto na kulia kila sentensi. Tena PDF nyingi za wahadhiri hazina maandishi hata kidogo. Ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, kidole gumba cha aliyepiga kikionekana pembeni, za kitabu ambacho chenyewe kilikuwa kopi ya kopi. Kwa mzigo huo, tableti ya inchi kumi inafaa kuliko Kindle, na steshenari ya nje ya geti la chuo inafaa kuliko zote mbili: makala zitolewe kopi, zibaindiwe, zipigiwe mistari kwa kalamu.

Barua iliyo nzito kuliko zote imetoka Mombasa kwa Mpenzi wa Riwaya. Amesoma Siku Njema ya Ken Walibora mara nyingi asizozikumbuka, nakala yake ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed imebaki bila jalada, na sasa anataka riwaya zote za Kiswahili azipendazo zikae kwenye kifaa kimoja. Anauliza anunue Kindle au Kobo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na wauzaji hupapita mbio. Watu huuliza kifaa gani kabla ya kuuliza vitabu gani. Kindle imefungwa na duka la Amazon. Kobo, iliyoanzia Kanada na sasa ni mali ya kampuni ya Kijapani ya Rakuten, husoma EPUB moja kwa moja na haimbani mtu sana. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa msomaji wa Kiingereza. Kwa msomaji wa Kiswahili ni sawa na kuchagua kati ya masanduku mawili matupu, kwa kuwa sehemu kubwa ya riwaya zilizochapwa kati ya miaka ya 1960 na 1980 haijapata toleo pepe, na nyingine hazipatikani dukani hata kwa karatasi. Sababu si uvivu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977. Kitabu cha enzi ile kilipangwa herufi kiwandani na hakikuacha faili lolote la kompyuta. Ili kiwe kitabu pepe, lazima mtu akichape upya neno kwa neno, mwingine asahihishe, na warithi wa mwandishi watafutwe na kulipwa, yote hayo kwa soko ambalo mchapishaji hana hakika nalo wakati vitabu vya kiada vinamlipa kila mwaka.

Hata riwaya ikipatikana, kifaa humhudumia msomaji wa Kiswahili kwa nusu moyo. Anayesoma Kiingereza hugusa neno gumu na maana ikatokea hapohapo. Pengine hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote zilizomo ndani ya kifaa. Anayesoma Kiswahili akigusa «walipomkumbusha», hata awe amejitafutia kamusi na kuiweka, kifaa kitatafuta umbo lilelile chini ya herufi W na kurudi mikono mitupu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya karatasi, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, bado inamshinda mtambo kwa sababu anayeifungua anajua mzizi wa kutafuta.

Wapo watakaomnong'oneza Mpenzi wa Riwaya kwamba vitabu hivyo viko bure kwenye makundi ya WhatsApp. Viko, vikiwa na kurasa zilizoruka na kidole gumba kilekile cha Morogoro. Sheria za Kenya na Tanzania hulinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, ameshavuka, lakini Kezilahabi na Walibora wote wawili walifariki mwaka 2020 na warithi wao wana miongo ya kudai. Ushauri, basi: Mpenzi wa Riwaya aandike vitabu kumi vya mwisho alivyovimaliza. Vikiwa saba au nane ni vya Kiswahili, pesa ya kifaa aigawanye kati ya duka la vitabu vipya na wale wauza mitumba wa Nairobi wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, ambao maduka yao huitwa «inama». Mgongo utauma. Vikiwa saba ni vya Kiingereza, anunue kifaa na aache kusingizia fasihi ya Kiswahili.

Mkarimu Aliyechoka, wa Arusha, ameazimisha vitabu hadi rafu imebaki na vipeperushi. Anauliza kama kifaa kitamkinga na marafiki.

Kitamkinga kabisa, kwa kuwa mtu hawezi kumwazima mwenzake kitabu pepe bila kumwazima kifaa chenyewe, na hakuna atakayethubutu kuomba hivyo mara mbili. Ila ajue kwamba naye amekuwa mwazimaji. Katika maduka mengi mnunuzi hulipia ruhusa ya kusoma, na mwenye duka hubaki na funguo. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za 1984 na Animal Farm za George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, baada ya kugundua kwamba aliyeziweka dukani hakuwa na haki nazo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vikatoweka pamoja nalo. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamishia kwenye Kindle kwa waya. Ikumbukwe kwa haki kwamba Amazon ya 2009 iliomba radhi, na kampuni zote mbili zilirudisha fedha, jambo ambalo marafiki wa Arusha hawajawahi kulifanya. Suala la mirathi huingia hapahapa: akaunti haihamishwi kwa mtu mwingine, na mzee mwenye watoto watatu na vitabu mia tatu ndani ya Kindle atakuwa amewaachia kipande kimoja cha plastiki cha kugombania.

Mwalimu mstaafu wa Iringa anaandika kwa herufi kubwa sana kwamba macho yake hayaoni tena maandishi ya vitabu vyake vya historia vya Kiingereza, na watoto wanasema Kindle ni anasa. Watoto wanyamaze na wachange. Kukuza herufi kwa kugusa kioo ni kitu ambacho karatasi haikipi kwa bei yoyote, na uzito wake haulemei mkono wenye baridi yabisi.

Kijana wa Dar es Salaam anauliza kipi kinampa mtu heshima zaidi ndani ya daladala. Kitabu cha karatasi, kwa kuwa jalada linaonekana. Tena hakuna kibaka aliyewahi kupenyeza mkono dirishani kunyakua riwaya.

Amejuta, wa Nakuru, alinunua kifaa kabla safu hii haijamshauri. Kimelala kwenye droo tangu wiki ya pili, na anataka kukiuza. Akiuze tu, kwa kuwa kioo cha wino wa kielektroniki hakichakai kwa kutosomwa. Akichaji kwanza, aingie kwenye mipangilio, afute usajili wa akaunti yake na kukirudisha kilivyotoka kiwandani, kisha ndipo akitangaze. Asipofanya hivyo, mnunuzi ataendelea kununua vitabu kwa kadi ya benki ya muuzaji.